Elki Hauzwi: Nilivyochagua wa Kuniongoza Milimani Colorado

Mnyama wa porini hapa Colorado, Marekani, ni mali ya jimbo kwa niaba ya wananchi. Si wa mwenye ranchi ambamo analala, wala si wa kampuni iliyojaza picha za pembe kubwa kwenye tovuti yake. Kwa hiyo Watanzania na Wakenya wenzangu wa Denver na Aurora wanaponiuliza ni kampuni gani nzuri ya kumpeleka mtu kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa hapa, jibu langu huwa moja: hakuna kampuni inayouza elki. Unachonunua ni macho na miguu ya mtu mmoja, katika eneo analolijua, kwa siku tano hivi. Ukishalishika hilo, unajua cha kuuliza. Usipolishika, unaweza kutoa bei ya gari zima bila kujua umelipia nini.

Mimi ni mtoto wa mfuata nyayo. Baba alifanya kazi hiyo katika kampuni moja ya uwindaji wa kitalii kule Ugalla, mkoani Tabora, miaka mingi kabla ya kutangazwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Msimu ukifunguliwa Julai, tulikuwa hatumwoni tena nyumbani. Ukubwani ndipo nilipoelewa kazi ile ilivyogawanyika. Kampuni ilikuwa na kitalu cha kuwindia na vibali, mwindaji bingwa alikuwa na leseni na Land Cruiser, mgeni alikuwa na dola zake. Lakini aliyeinama kuangalia udongo wa chini ya nyasi kama bado una unyevu, akajua mnyama amepita alfajiri au amepita jana jioni, alikuwa Baba. Jina lake halikuwa kwenye kijitabu chochote cha kampuni. Mgeni alivuka bahari baada ya kuchagua kampuni kwa picha, na safari yake yote ikategemea mtu ambaye hakuwahi kuambiwa habari zake. Zamu yangu ya kutafuta wa kuniongoza ilipofika, nilitaka kuanza na jina la mtu huyo.

Elki ni wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Dume aliyekomaa hufika kilo 300, anamzidi tandala mkubwa wa kwetu, na pembe zake huanguka kila mwaka baridi inapokwisha kisha zikaota upya. Colorado ina elki wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, zaidi ya 250,000. Haikuwa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamekaribia kwisha kwa bunduki, na mwaka 1913 ilibidi wengine waletwe kutoka Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone hadi Estes Park, mji wa hapa Colorado. Wanaopigwa leo, ukoo wao ulirudishwa kwa kanuni kali na kwa pesa za leseni. Ndiyo sababu sina subira na mtu anayeona kanuni hizo kuwa usumbufu.

Kwetu Tanzania mgeni hulipia ada ya nyara kwa mnyama aliyempiga. Hapa unalipia leseni, upate usipate. Mkazi wa Colorado aliyeishi ndani ya jimbo miezi sita mfululizo hulipa chini ya dola 100. Wa jimbo jingine hulipa zaidi ya dola 700. Baada ya hapo mlima ndio unaoamua. Ukichukua wawindaji wote wa elki wa jimbo hili kwa mwaka, wanaorudi na nyama ni kama mmoja kati ya watano au sita. Mwenye kambi mzuri, yaani mwenye kampuni ya kuongoza wawindaji, huupita wastani huo, lakini hawezi kuufuta. Anayekuambia kwamba kwake kila mtu anapata, ama anazungumzia wanyama waliofungiwa ndani ya uzio, ama hasemi kweli.

Je, mtu anahitaji kampuni kweli? Kisheria, Colorado hailazimishi. Wyoming inamlazimisha mgeni awe na mwongozaji mwenye leseni au mkazi wa kumsindikiza akitaka kuwinda wanyama wakubwa kwenye mapori yaliyotengwa na serikali kuu. New Mexico hutenga asilimia 10 ya vibali vya kuwinda vinavyogawanywa kwa bahati nasibu kwa waliosaini mkataba na kampuni, na asilimia 6 tu kwa wageni wasio na kampuni. Mimi ni mkazi wa Colorado. Ningeweza kuweka bunduki kwenye gari na kwenda. Lakini sina farasi, siujui msitu huo, na sijawahi kuteremsha mnyama mzito vile kutoka juu ya mita 3,000. Nataka mwaka wa kwanza nijifunze kwa mwenye kujua, ili mwaka wa tatu au wa nne niende na wanangu peke yetu. Hilo lilinisaidia kuchagua, kwa sababu wapo waongozaji wanaofundisha na wapo wanaokupeleka tu ukapige.

Huduma zenyewe ziko za namna tatu. Ya kwanza, kampuni inakupandisha kwa farasi hadi kwenye hema lenye jiko na kuni, inakuacha huko, na inarudi kukuchukua. Kwa bei za miaka hii ni kama dola 2,000 hadi 3,500. Ya pili ni ya kuongozwa kila siku kwenye ardhi ya umma, yaani misitu ya taifa, ambapo mwongozaji mmoja mara nyingi huchukua wawindaji wawili; hiyo ni dola 5,000 hadi 8,000 hivi. Ya tatu ni ranchi binafsi, na bei huanzia hapo na kupanda hadi 15,000 na zaidi. Ranchi ina faida moja ya kweli. Misitu ya umma ikijaa watu, elki huikimbia milio ya bunduki na kuhamia kwenye ardhi binafsi, hasa theluji inapoanza kuwashusha. Lakini mtu anayetaka kujifunza msitu wa umma, ambao atarudi kuutumia bure maisha yake yote, ranchi itamfundisha kidogo sana. Nikachagua ya pili, na nikaomba niongozwe peke yangu hata kama ni kwa kuongeza pesa. Ukiongozwa wawili, uliza mapema nani ana haki ya risasi ya kwanza, na mwenzako akishapata, mwongozaji anaendelea na wewe au anashinda siku nzima akishusha nyama ya mwenzako.

Karatasi nilizianza kabla ya simu yoyote. Kampuni ya kuongoza wawindaji Colorado lazima iwe imesajiliwa chini ya idara ya jimbo ya udhibiti, DORA, na usajili huo unaonekana kwenye tovuti ya idara bure: unaandika jina, unaona kama upo hai na kama kuna hatua za kinidhamu. Bima na dhamana ni lazima. Kama kambi iko kwenye msitu wa taifa, kuna kibali kingine kutoka Idara ya Misitu ya Marekani, na kibali hicho kinataja eneo. Watu wengi huishia kwenye usajili wa jimbo na kulisahau hili la pili. Nilikuwa nalenga Flat Tops, nyanda za juu zilizomo kwa sehemu kubwa ndani ya Msitu wa Taifa wa White River, zenye moja ya makundi makubwa kabisa ya elki duniani. Nikapiga simu ofisi ya msitu ya Meeker, nikataja jina la kampuni, nikauliza kama ina kibali cha wawindaji na kwa upande gani. Bibi aliyepokea alijibu papo hapo, bila kuona ajabu.

Kisha zikaja simu za wenye kambi wenyewe. Mmoja alianza kunihesabia pembe kabla sijamaliza salamu. Nilipomuuliza msimu uliopita ulikuwaje, alinitajia asilimia 90 ya nafasi ya kufyatua. Hapo ni pa kutulia, kwa sababu nafasi ya kufyatua si mnyama aliyeanguka. Elki aliyeonekana mita 600 ng'ambo ya bonde naye huweza kuhesabiwa kuwa nafasi. Nikamuuliza nani angeniongoza. Akasema anao vijana wazuri, wote wazuri, atapanga wakati ukifika. Nikamshukuru. Sina sababu ya kusema ni mtu mbaya, ila aliniuliza namba ya kadi kabla ya kuniuliza kama nimewahi kushika bunduki.

Mwingine alijibu taratibu. Alisema msimu wa pili wa bunduki mwaka uliopita ulikuwa na joto, theluji haikushuka, elki wakabaki kwenye misonobari minene ya juu, na wengi wa wageni wake waliondoka mikono mitupu. Aliyasema hayo bila kulazimishwa. Alimtaja mwongozaji wake kwa jina, akasema amekuwa naye muda gani na bonde gani analolijua zaidi. Nilipoomba namba za wateja wa zamani, nikaomba hasa za waliorudi bila kitu, hakusita. Wale wenye pembe ukutani watakusifia kampuni yoyote, furaha imewajaa. Aliyelipa dola 6,000 na zaidi akarudi na nguo chafu tu, huyo ndiye atakayekueleza kambi ikoje.

Nilimpata mzee mmoja wa Wisconsin. Alizungumza muda mrefu, na karibu yote yalikuwa juu ya mwongozaji. Kila alfajiri walitoka saa kumi usiku wakafika mahali tofauti, kwa sababu kijana yule alikuwa ameshafikiria jana yake upepo utavuma kutoka wapi. Jioni moja walimwona dume amesimama ukingoni mwa miti ya aspeni, mbali, na mwanga unaisha. Mzee alikuwa amekwisha kaa, bunduki iko tayari, moyo unamwenda mbio. Mwongozaji akamwekea mkono begani, akamwambia hapana. Akamweleza kwamba kwa umbali ule na kwa giza linaloingia, wakimjeruhi wangemtafuta usiku kucha na huenda wasimwone. Dume akaingia msituni na hawakumwona tena. Mzee aliniambia kwamba usiku ule alikasirika, lakini sasa anaweka pesa ili arudi kwa mtu yule yule.

Simu ile ilinimalizia shauri. Baba angefanya hivyo hivyo, na najua hivyo kwa sababu ndiyo yalikuwa mazungumzo yake alipokuwa nyumbani. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea alimkosesha usingizi, hata kama mgeni ndiye aliyefyatua.

Lilibaki swali ambalo kijitabu chochote cha Kimarekani hakitakusaidia kuliuliza. Mimi ni Mwislamu na nyama ile ni ya watoto wangu. Sheikh wangu alinieleza kwamba nitaje jina la Mwenyezi Mungu ninapofyatua. Nikimkuta mnyama bado yu hai, nimchinje. Nikimkuta amekwisha kufa kwa risasi iliyopenya, ni halali. Mlimani hilo si jambo dogo. Waongozaji wengi huona ni salama zaidi kummalizia mnyama kwa risasi ya pili kuliko kumsogelea dume mwenye pembe na kisu mkononi. Na wateja wanaotaka kichwa cha kutundika ukutani hawataki kabisa ngozi ya shingo ikatwe, kwa hiyo kijana wa watu amezoea kuilinda shingo kama mali. Niliyasema yote hayo kwa mwenye kambi kama yalivyo: sitaki kichwa, nataka nyama, na kama kuna uhai nataka kuchinja kwa mkono wangu, na asifyatue mtu mwingine isipokuwa kuna hatari.

Alinyamaza kidogo. Akasema hajawahi kuombwa hivyo, hataki kunijibu kwa niaba ya mtu atakayekuwa pale, ngoja amuulize. Kesho yake mwongozaji mwenyewe akanipigia.

Alikuwa ameshalifikiria. Alisema wao humjaribu mnyama kwa kumgusa jicho kwa fimbo ndefu kutoka nyuma. Akipepesa, yu hai. Basi tutasogea kwa kupitia mgongoni, upande usio na miguu, yeye atashika pembe na kuigeuza shingo, mimi nitachinja. Akaniuliza kisu changu kina urefu gani. Akasema pia kwamba mnyama akiinuka na kuondoka na jeraha, atanitaka nifyatue tena haraka iwezekanavyo, na kama sitaweza, atafyatua yeye, kwa sababu hatamwacha ateseke. Nikakubali. Lilikuwa jibu la mtu anayemheshimu mnyama na mgeni vilevile.

Baada ya hapo akageuza maswali upande wangu. Naweza kupiga sahani ya karatasi kwa umbali gani nikiwa nimekaa chini, si nikiwa nimeegemea meza ya uwanja wa shabaha? Magoti yangu yakoje? Nimewahi kulala juu ya mita 2,900? Denver iko mita 1,600, akasema, isinidanganye, kichwa huuma na usingizi hupotea huko juu. Nina uzito gani, maana farasi wana kikomo? Baadhi yetu huona maswali ya namna hii kama dharau, hasa sisi wabeba boksi tuliozoea kupimwa kila tunapokwenda. Mimi niliyapenda. Anayekuuliza hivyo anapanga njia atakayokupitisha.

Kuna sheria moja niliyomuuliza makusudi nione anavyoifafanua. Katika maeneo mengi ya Colorado, dume halali ni lile lenye ncha nne au zaidi kwenye pembe moja, au lenye ncha ya kwanza ya pembe, iliyo juu ya paji la uso, yenye urefu wa inchi 5 au zaidi. Yeye hutazama kwa darubini na kuhesabu kwa sauti, kisha anamtaka mgeni ahesabu mwenyewe, ndipo anasema sawa. Mwenye leseni ndiye anayefyatua na ndiye atakayesimama mbele ya askari wa wanyamapori, kwa hiyo usimkubali mwongozaji anayesema "we piga tu". Hapo hapo nikakumbushwa nguo: inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa, juu ya kiuno, na kofia ya rangi hiyo.

Mkataba niliusoma kwa kalamu mkononi. Arubuni ni nusu, na nilitaka ijulikane inakwenda wapi nikikosa kibali kwenye bahati nasibu, nikiugua, au msitu ukifungwa kwa moto. Leseni haimo ndani ya bei. Bakshishi ya mwongozaji na mpishi haimo, na desturi ni asilimia 10 hadi 20. Kushusha nyama kwa farasi imo, lakini bucha wa mjini wa kukata na kufunga ni juu yangu. Dume mmoja hutoa kama kilo 80 hadi 110 za nyama isiyo na mfupa, kwa hiyo nimeshaulizia friza. Tena sheria hairuhusu kuacha nyama inayolika porini wala kuiuza. Nitapeleka sampuli ya kichwa kupimwa CWD, ule ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu na elki hadi kufa, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini ushauri wa wataalamu ni kutokula nyama ya mnyama aliyekutwa nao. Mwisho nikaomba jina la mwongozaji liandikwe ndani ya mkataba, na kwamba akiacha kazi kabla ya Oktoba nirudishiwe arubuni nikitaka. Mwenye kambi alisaini.

Kwa ndugu zangu wahamiaji, hili mlisome kabla ya kupenda picha yoyote. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki. Aliyeko hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, amekatazwa kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji kutoka jimboni au aangukie misamaha mingine michache. Asiye na karatasi amekatazwa kabisa, na kosa hilo linaweza kumwondoa nchini. Kama hali yako iko katikati, ombi lako bado liko mezani, muone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Na kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua leseni. Darasa linapatikana kote jimboni.

Kanuni za leseni hubadilika karibu kila mwaka. Kuanzia 2025, kwa mfano, mgeni wa jimbo jingine hanunui tena kaunta leseni ya kuwinda elki kwa upinde katika maeneo ya magharibi. Anaingia kwenye bahati nasibu. Bahati nasibu ya kwanza hufungwa mapema Aprili, kwa hiyo simu hizi zipigwe Januari na Februari, wenye kambi wakiwa nyumbani na farasi wakiwa zizini. Ukisubiri Agosti, watu wako juu milimani wanasimamisha mahema, na mwongozaji uliyemtaka ameshaandikiwa mtu mwingine.